Mwenye Afya

Kila kochi lililotoka mikononi mwa fundi lilipimwa kwa kurukiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya karakana. Sponji ikishagundishwa na kitambaa kikishavutwa kikakaza, mtu mzito alipanda juu akaruka, na fundi akainama, sikio karibu na mbao, kusikiliza kama springi zinalalamika. Mrukaji alikuwa kitindamimba wake, kijana mwenye mapaja kama magogo na mgongo ulionyooka utadhani amemeza mpini wa ufagio.

Jumamosi moja mwenye kochi alikuja kulichukua mwenyewe: mama wa duka la dawa, mwanamke wa maneno mengi na subira kidogo. Fundi alimkaribisha kama alivyowakaribisha wateja wote, kwa kumtambulishia wanawe. Kidole kikaenda kwenye picha ukutani.

"Huyu wangu wa kwanza ni nesi. Huyu wa pili, fundi umeme." Kisha akamgeukia kitindamimba, aliyekuwa anavua viatu. "Na huyu wa mwisho, ana afya."

"Namwona," alisema mama wa duka la dawa. "Hongera kwa afya, mwanangu."

"Asante, mama." Nusu ya mji ilikwisha kumpongeza kwa afya yake.

Akapanda kochini, akaruka, akaruka tena. Springi zilikuwa mpya, zina hasira, na miguu yake ilikuwa na mazoea yake. Ikajinyoosha, vidole vikaelekea sakafuni, mikono ikafunguka kama mlango wa watu wakarimu. Akafika karibu na dari, akabaki huko huko.

Jambo lenyewe halikuwa geni. Kwenye ukumbi alikofanya kazi, wanaume wa dansi ya baleti wakiruka vizuri hawakushuka mpaka mtu mwingine awaite kwa kazi yao. Wakijiita wenyewe haikusaidia. Wanawake walishuka bila kuitwa, maana jina la kazi yao hata muuza magazeti alilijua. Kwa wanaume, mwalimu alisimama pembeni ya jukwaa akiwaita, na watazamaji walidhani ni sehemu ya muziki.

"Fundi, kijana wako amebaki juu."

"Nimemwona."

"Na mimi nataka kukaa kwenye kochi langu."

"Kaa tu, mama. Hana tabia ya kuanguka."

Mama akakaa, akajitikisa kidogo. "Springi nzuri," akasema.

"Baba," kitindamimba aliita kutoka juu, "niite kwa kazi yangu nishuke. Jioni nina onyesho."

Fundi alikohoa. "Mwanariadha!"

Hakusogea.

"Mwanasarakasi! Mwalimu wa viungo!"

Alizunguka taratibu, kama feni umeme ukiwa mdogo.

"Basi bwana mkubwa, shuka!"

"Baba, unaijua."

"Kwani anafanya kazi gani?" aliuliza mama wa duka la dawa. "Niambieni nimwite mimi, gari la mizigo linanisubiri."

Kitindamimba angeweza kumwambia, mambo yakaisha. Lakini alitaka kulisikia jina hilo kwa sauti ile ile iliyosema nesi, iliyosema fundi umeme. "Baba atakuambia," alijibu.

Fundi hufanya kazi na misumari midogo mdomoni, kama mafundi wote wa makochi. Akaitoa mmoja mmoja, akaipanga mezani, akajifuta midomo kwa kiganja. Fundi akavuta pumzi. Kisha akachukua misumari mingine, akaijaza mdomoni.

Kule juu, kitindamimba aliamua kutopoteza asubuhi. Akaanza mazoezi ya jioni, mguu huu kisha ule, kichwa akikiinamisha asigonge taa.

"Baba, nyundo yako ndogo hii hapa, juu ya kabati."

"Nilijua ipo tu," alisema fundi kupitia misumari.

Baadaye mlangoni alitokea mwalimu wa baleti, amekuja kumfuata, mama mwembamba mwenye sauti ya kondakta wa basi la mbali.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

Akatazama dari. "Mcheza baleti, shuka. Tunachelewa."

Kitindamimba akatua juu ya mkono wa kochi bila hata ubao mmoja kulia.

"Kumbe ni hilo tu?" alisema mama wa duka la dawa.

"Nilikuwa namtafutia zuri zaidi," alisema fundi.

Kitindamimba alivaa viatu, akafunga kamba vizuri. "Hilo hilo linanifaa, baba. Nimelirukia miaka yote, halijalalamika." Akamwachia nyundo mkononi, akaondoka na mwalimu wake, mgongo umenyooka.

Wiki iliyofuata fundi alifunga mlango wa karakana akashona. Alichagua ngozi aliyoiweka kwa ajili ya wateja wakubwa, akaitia sponji laini kwa ndani isimchubue mtu kiuno, akapiga mshono mara mbili kwa uzi wa turubai. Ulitoka mkanda mzuri kuliko kochi lolote alilowahi kutengeneza, wenye kamba ndefu inayofika darini.

Sasa kijana hachelewi tena. Anaruka, anabaki juu, na baba yake anamteremsha kwa kamba. Wateja huusifu sana mkanda ule, na kila anayeusifu huuliza kijana aliyeuvaa anafanya kazi gani.

Fundi huvuta kamba polepole, asimuumize.

"Huyu?" husema. "Huyu ana afya sana."