Simu Yenye Kufuli

"Mmiliki ni nani?" aliuliza yule binti, penseli ikisubiri juu ya karatasi.

Yasinta alimtazama shemeji yake kwanza. Maswali mengine alikuwa ameyajibu vizuri tu: vyumba, maji ya tangi, chai ya asubuhi, vyandarua. Hili lilimkuta ameshika birika, akaliweka chini.

"Andika familia ya marehemu Batholomeo," alijibu Matonya kutoka upande wa pili wa meza, taratibu kama mtu anayeagiza soda. "Mimi ni mdogo wake. Mambo ya nyumba hii yote yanapita kwangu."

Binti akaandika. Aliitwa Aneth, kutoka ofisi ya kompyuta ya kule karibu na stendi, na alikuwa amekuja kuuliza kwanza kabla ya kutengeneza websaiti. "Bila majibu sianzi, mama," alikuwa amesema alipofika, baada ya shikamoo. "Nisije nikakutengenezea kitu cha mtu mwingine."

Yasinta ndiye aliyemwita. Miaka ile nyumba za wageni zilikuwa zinaota Dodoma kila mtaa, na watumishi wa Bunge waliolala kwake walimwambia kwamba siku hizi wageni wa nje wanatafuta chumba kwenye intaneti kabla hata ya kupanda ndege. Alikwenda ofisini kwa akina Aneth peke yake, hakumwambia mtu. Asubuhi hii, kabla hata binti hajafika, akasikia baiskeli ya Matonya ikiegemezwa ukutani. Nani alimwambia? Mji mdogo huu, mtu akikohoa Majengo unasikia Ihumwa.

Aliogopa. Matonya hakuwa mtu wa kupiga kelele, na Yasinta angeshukuru kama angekuwa hivyo, maana kelele huisha. Alichoogopa ni upole wake. Pasaka iliyopita alimwambia, huku akichokonoa nyama kwenye meno, "Shemeji, ukichoka usione haya. Nauli ya kukurudisha kwenu Sumbawanga haitatushinda." Tangu siku hiyo, kila alipotandika kitanda cha mgeni alijiuliza kama ni cha mwisho.

Baada ya arobaini ya mumewe, wazee wa ukoo walikaa uani, wakanywa, wakasema mama abaki kwanza aiangalie nyumba. Hakuna aliyesema ni yake. Hakuna aliyesema si yake. Naye hakuuliza, maana mwanamke wa kuja, asiye na mtoto, akiuliza swali kama hilo ameshajijibu. Vyumba vya nyuma alivijenga yeye kwa pesa ya maandazi aliyouza stesheni, mume akiwa safarini, kazini kwenye treni. Lakini kibao cha nje kiliandikwa jina la mume, na siku kinapigiliwa yeye ndiye aliyeshikilia ngazi, tena akicheka.

"Picha ya mbele," Aneth aliendelea, "nani aonekane?"

"Mimi," alisema Matonya, akinyoosha kola ya shati.

"Na mama?"

"Shemeji hapendi mapicha." Akamgeukia. "Au siyo, shemeji?"

"Ndiyo, shemeji," alisema Yasinta, na papo hapo akauchukia ulimi wake.

Nje upepo wa mwezi wa sita ulikuwa ukisukuma vumbi chini ya mlango. Aneth alimtazama mama huyu muda mrefu kidogo, kisha akarudi kwenye karatasi yake. Alikuwa amechora juu yake ukurasa mzima kwa visanduku: hapa picha, hapa vyumba, hapa jina. Kisanduku kimoja kilikuwa bado kitupu.

"Simu. Mgeni akitaka chumba apige namba gani?"

Matonya alitoa simu yake ya mkononi, akaanza kutaja namba. Katikati akasita.

"Huko unakokaa inashika vizuri, mzee?" aliuliza Aneth.

Haikushika. Kule Ihumwa Matonya alilazimika kupanda juu ya kichuguu, na hata hapo mpaka upepo utulie. Yasinta alilijua hilo, akatazama vikombe.

"Mgeni asipokupata anakwenda kwingine," Aneth alisema. "Hapa hakuna ya mezani?"

Matonya alitazama kwenye kona. Simu ilikuwa juu ya stuli, nyeusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akainuka, akakiondoa kitambaa, akaonyesha kufuli dogo alilolitia kwenye tundu la kuzungushia namba, ili shemeji asimalize bili kwa kuongea na ndugu zake. Akagonga mfuko wa shati, ufunguo ukalia. "Andika hiyo," alisema, ameridhika. "Hapigi mtu bila mimi."

Aneth aliliangalia lile kufuli. Akaandika namba iliyobandikwa juu ya simu.

Mwisho akawasomea yote aliyoyaandika, akauliza, "Mama, kuna la kuongeza?"

"Hapana, mwanangu. Yote yamesemwa."

Alimsindikiza mgeni mpaka getini, akitarajia walau dakika moja ya kunong'ona, lakini Matonya naye alivaa kandambili akawafuata, akizungumzia zabibu za Hombolo mpaka barabarani. Wakaagana watatu.

"Nikikwama popote nitapiga," alisema Aneth.

Mchana Matonya hakuondoka. Alikula ugali na mlenda, akajisifia mambo ya websaiti kana kwamba ameyavumbua yeye. "Tukishaonekana, shemeji, nitampata mtu wa kuikodi nyumba nzima. Bunge likiisha wewe utafunga mizigo, upumzike kwenu. Umeteseka vya kutosha." Alisema kwa huruma. Yasinta alisimama na bakuli la maji ya kunawa, akawaza sanduku lake liko wapi na kama bado linafunga.

Ndipo simu ikalia.

Matonya alishtuka, akashika mfuko wa shati. Ufunguo ulikuwepo. Lakini kufuli huzuia kupiga tu, haliwezi kuzuia kupigiwa, na vidole vyake vyote vilikuwa vimejaa mlenda. Yasinta aliweka bakuli chini, akainua mkono wa simu.

"Mama, ni Aneth. Kuna kisanduku kimoja sijakimaliza, cha mmiliki. Mzee alinijibu. Wewe hukunijibu."

Yasinta aliupa mgongo ule ukumbi. Nyuma yake kutafuna kulikoma.

"Nani huyo?" aliuliza Matonya.

Angeweza kusema ni mgeni amekosea namba. Uongo huo alikuwa nao tayari mdomoni, na ungemfikisha salama mpaka jioni. Baada ya jioni, Sumbawanga.

"Yasinta," alisema kwenye simu. Sauti ilitoka kidogo, kama ya mtu mgonjwa.

"Sijasikia, mama. Rudia, nisikosee."

Binti wa watu alikuwa amesikia. Yasinta alilijua hilo kwa namna alivyoulizwa, bila haraka. Akashika ukingo wa stuli.

"Andika Yasinta," alisema, na safari hii ukumbi mzima ulisikia. "Mwenye nyumba ni mimi."

Nyuma yake bakuli lilisukumwa, kisha kiti. Yasinta hakugeuka. Aliuweka mkono wake mwingine juu ya kufuli, akabaki ameikandamiza simu sikioni. Upande wa pili wa waya vitufe vya kompyuta vilikuwa vimeanza kugongwa, taratibu, herufi moja baada ya nyingine, naye alisimama akisikiliza jina lake likiandikwa.