Meza Iliyotulia Karakanani

Mogire alipunguza mguu mmoja wa meza kwa msumeno, akaupitisha msasa, kisha akaisimamisha meza kwenye udongo wa karakana yake nyuma ya jikoni. Akaikandamiza kwa viwiko. Ikatulia tuli. Lakini alijua akiiingiza sebuleni, kwenye saruji, itaanza kucheza tena kama ng'ombe anayekamuliwa na mgeni.

Basi meza haina kosa. Kuna mtu anailegeza.

Na ni nani kama si mkewe, Edinah? Mwanzoni alisema neno moja tu: "Baba Sheila, si uulize Ombok? Ile meza alitengenezea Esnah wa kanisani haitingishiki." Ombok! Kijana wa kutoka ziwani, anauza fanicha pale Suneka, anacheka na wake za watu huku akipima makabati yao. Siku hiyo Mogire alifoka hadi kuku wakatawanyika. Edinah hakulitaja tena jina hilo, na kimya hicho ndicho kilichomtafuna mumewe roho. Wivu, jamani, ukishamwingia mtu hamwamini hata anayempakulia chakula.

Ilikuwa Ijumaa. Kesho baada ya ibada akina mama wa kanisa wangekula kwao, na jua likishazama Sabato imeingia, hakuna kushika randa. Akaiingiza meza sebuleni, akaaga kwa sauti kwamba anakwenda sokoni Birongo, kisha akazunguka nyumba na kuchungulia dirishani.

Edinah aliigusa meza. Ikacheza. Akatazama mlango, akapiga magoti, akafungua pindo la leso.

"Leo nimekushika!" Mogire aliingia kwa kishindo.

Mkononi mwa mkewe mlikuwa na kabari ndogo ya mti, imerandwa ikalainika vizuri.

"Nani alichonga hii?"

Edinah alisita. "Ombok."

Mogire alimnyooshea kidole. "Kumbe! Ndiyo maana unailegeza!"

"Nailegeza na nini, Baba Sheila? Karakana yako iko na bonde kwa ile kona. Unakata miguu ikubaliane na bonde, na hapa ni saruji. Wageni wakikuja naweka hii chini. Wakienda natoa, usione."

"Na huyo Ombok ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ni ya kuzuia mlango. Ningemwambiaje ati fundi Mogire ameshindwa na meza yake?"

Mogire alitazama dirishani. Nje jua lilikuwa limeshuka nyuma ya migomba. Alipiga magoti kando ya mkewe, akaichukua kabari ya Ombok, akaisukuma chini ya mguu wa meza kwa kiganja chake mwenyewe. Ikaingia sawasawa, bila kupungua wala kuzidi, na hilo likamuuma kuliko yote.

Kesho yake akina mama walikula, wakaegemea meza, wakasifu. "Fundi ni fundi," alisema Esnah.

"Asante," Mogire alijibu, macho kwenye sahani.