Maji ya Kichupa cha Mwisho

Geeske Hoving aling'oa mguu mmoja wa kila mdudu, akausaga ndani ya kichupa, akauchemsha. Walikuwa wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, aliowaokota pembezoni mwa shamba la mayungiyungi la baba yake, huko mkoani Drenthe. Wote majike. Kuna bakteria wanaoua madume wangali mayai, na Geeske aliomba kimoyomoyo wawe ndio hao. Kama si wao, basi ni dawa anayopulizia baba yake. Na kama ni dawa, mwana wa Geeske, Jorrit, aliyefia tumboni akibakiza mwezi mmoja kuzaliwa, hakufa hivi hivi tu.

Kichupa cha mwisho alikitia maji matupu. Hicho hakitakiwi kuonyesha kitu. Ndicho shahidi kwamba mpimaji hakuchafua kazi.

Alipowasha taa chini ya bamba la jeli, ambamo vinasaba vya bakteria hung'aa vikiwapo, mistari ya wadudu ilikuwa giza. Hapakuwa na bakteria. Maji ndiyo yaliyong'aa.

"Umeyachafua, dada," alisema Wiebe, mwenzake wa maabara, wa meza ya pili. "Rudia."

Alirudia, yakang'aa tena. Walipoyasoma vinasaba, vilikuwa vya mtoto wa kiume, nusu yake vya Geeske.

"Basi si uchafu," Wiebe alisema. "Huyo wako. Twende kahawa."

Waliporudi, Jorrit alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama yake, mtoto wa miaka miwili, umri ambao angekuwa nao. Geeske alimvisha koti lake, akampakia mbele ya baiskeli. Mama alilia njia nzima, kwa furaha na kwa hasira.

Nyumbani, Mzee Hoving alivua viatu vyake vya mbao mlangoni, akamtazama mjukuu wake. Kisha akateremsha kutoka juu ya kabati boksi la punje za sukari za buluu, zinazonyunyizwa juu ya mkate mkavu akizaliwa mtoto wa kiume. Lilikuwa halijafunguliwa.

"Hongera, binti yangu."

"Baba, wale wadudu hawana bakteria."

"Ana macho ya marehemu mama yako."

"Ni dawa yako, Baba."

"Kila mtu anapulizia, Geeske. Mimi nikiacha, maua yataoza, na shamba atalichukua jirani." Akapaka siagi, akanyunyiza punje, akamlisha mtoto kwa mkono wake.

Asubuhi upepo ulitulia, hali nzuri ya kupulizia. Geeske alifunga madirisha. Babu alimpungia mjukuu wake mkono kutoka ndani ya trekta, akafungua pampu. Jorrit, aliyesimama nyuma ya kioo, naye akampungia.