Saa Nne ya Benedikto

Mimi sina subira, nalisema mapema. Mwaka 2002, kwenye duka la kompyuta pale Msamvu, nilikuwa nawasaidia kwa simu watu wenye kompyuta za Linux zilizopitwa na wakati wakompaili programu, yaani wayageuze maandishi yake yawe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha, na mtu akiniambia "wanunue mpya" namjibu vibaya. Wanunue kwa kipi?

Asubuhi moja alinipigia Benedikto, karani wa wakulima wa mboga wa milimani, akiwa ofisini kwao Mkuyuni. Soko huria lilikuwa limewaletea mnunuzi wa Dar, naye hataki karoti zisizo na lebo yenye jina la kijiji. Lori linaondoka saa tano. Benedikto ndiye aliyewashawishi watu wang'oe migomba wapande karoti, na wa kwanza kung'oa alikuwa mama mkwe wake, mama Theresia.

Saa tatu na nusu tulikompaili programu ya kuchapa lebo, mashine yao kongwe ikakubali. Lebo ikatoka, kijiji hakimo! Nilikuwa nimesahau mstari mmoja wa programu. Kabla hajauongeza, Benedikto akasema saa ya mashine imechelewa.

"Sasa ni saa nne kamili. Weka saa nne," nikamwambia.

Akaweka. Akaongeza mstari, akakompaili. Mashine ikajibu hakuna kipya, kila kitu kiko tayari. Lebo ileile.

"Hujahifadhi wewe!" nikafoka.

"Nimehifadhi, dada Shadia."

"Hifadhi tena!"

Mara sita. Nikasikia honi ya lori kwenye simu.

"Dada, mama Theresia ananiangalia tu," akasema. Nikaona aibu kwa kumfokea.

Nikafikiri. Mashine hukompaili tu faili lililo jipya kuliko kazi ya mwisho, na upya huupima kwa saa yake.

"Saa ya mashine inasemaje?"

"Saa nne na dakika arobaini."

Nikatazama yangu mkononi. Saa nne na arobaini, sawasawa! Sasa nini?

"Hebu nisomee namba mojamoja, kama zilivyo."

"Sifuri, nne. Nne, sifuri."

Toba! Mashine haijui Kiswahili. Saa nne yetu kwake ni kumi. Hiyo sifuri nne ni alfajiri, jogoo hajawika. Kila alichohifadhi kilionekana cha zamani kuliko kazi ya saa tatu na nusu, ambayo kwake ilikuwa tisa na kitu.

"Benedikto, kosa ni langu! Weka kumi na arobaini! Hifadhi! Kompaili!"

Halafu akapiga kelele: "Inakwenda! Mistari inashuka, dada, inashuka!"

Printa ikaanza kukwaruza. Nilipanda juu ya kiti nikapiga vigelegele, wateja wakanishangaa, nikawaambia washangae tu.

Baadaye simu ikaita tena. Sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi Theresia. Karoti zimeondoka zote. Huyu mkwe wangu amekaa chini analia kwa furaha. Basi niambie wewe, mwanangu: masika tupande nini?"