Pedeli ya Askofu

Gari la Felisiani lilikuwa na umri wa kizee na tabia za kitoto. Nembo ya kiwanda ilishadondoka zamani, hata mwenyewe hakumbuki ilikuwa ya wapi, na kwa kuwa alikuwa amelipaka rangi ya zambarau, mtaa mzima wa Shanwe, pale Mpanda, waliliita Askofu. Askofu akipita, watu hupisha. Wageni walidhani ni heshima. Wenyeji walikuwa na habari ya pedeli.

Pedeli ya mafuta ilikuwa imelegea. Pini iliyoishikilia kwenye sakafu ilikuwa imelika, na tundu lake limetanuka mpaka pedeli ikawa inacheza huku na huku. Siku nyingine ililalia kulia, gari likakataa kwenda. Siku nyingine ililalia kushoto, ikajibana chini ya zulia, gari likakataa kusimama. Felisiani alikuwa ameshazoea. Aliirudisha kwa ncha ya kiatu bila hata kukatisha maongezi, na aliamini kwa dhati kwamba huko ndiko kuendesha gari, na kwamba hawa wa magari ya siku hizi wanabebwa tu.

Sasa Jumatano ya wiki ya harusi, akiwa anamtoa binti yake Getrude kwa fundi cherehani, pedeli ikalalia kushoto katikati ya sokoni. Askofu alipita juu ya meza ya nyanya na kwenda kusimama kwa muuza vitenge. Kwa rehema za Mungu hakuumia mtu. Nyanya zilikwisha zote. Getrude alishuka akiwa ameinua gauni lake la harusi juu ya kichwa kwa mikono miwili, likiwa jeupe vilevile, lakini yeye mwenyewe amekuwa mwekundu mpaka kwenye nyusi.

Jioni kamati ya harusi ikakaa kwa dharura. Mwenyekiti wa usafiri alikuwa Deo, kaka yake Scolastica, mkewe Felisiani. Shemeji hawa wawili walikuwa wamechokozana tangu siku ya kwanza walipojuana, na hakuna aliyewahi kukasirika, kwa sababu utani wa mashemeji haukasirikiwi. Ila Deo safari hii alikuwa na silaha. Alikuwa na gari jeupe, jipya, lenye kiyoyozi.

"Wajumbe," alisema Deo, "sisi tunataka bibi harusi afike kanisani. Hatutaki afike Kigoma."

Watu wakacheka. Felisiani akacheka nao, ila yeye aliacha kwanza.

"Halafu shemeji," Deo aliendelea, "nasikia hata ule mzinga wa Ugalla mtupu. Mzinga mtupu, gari bovu. Sasa mtoto unampa nini wewe? Mate ya baraka?"

Hapo alimgusa penye kidonda. Felisiani alikuwa mfuga nyuki, kama baba yake, na katika ukoo wao binti akiolewa baba humkabidhi mzinga ulioingia nyuki, uwe wake huko aendako. Msimu mzima alikuwa amemtegea Getrude mzinga kule kwenye pori la Ugalla. Alikuwa ameupaka nta ya kupashwa moto, ili nyuki wanaohama wasikie harufu wavutike. Nyuki walikuja, wakaukagua, wakaenda zao. Alikuwa amebakiwa na jambo moja tu la kumfanyia mwanawe, na jambo lenyewe ni ahadi aliyompa akiwa bado anapakatwa kwenye usukani wa Askofu: siku yako ya kwenda kanisani, nitakuendesha mimi. Hilo alilitaka kuliko kitu chochote.

Getrude alimtazama baba yake, akaona uso ulivyomshuka.

"Baba," alisema, "mama akipanda Askofu akashuka salama, na mimi napanda. Mama akikataa, nakwenda na mjomba."

Wote wakamgeukia Scolastica. Scolastica alisema, "Nyie mbona mnaniua mapema hivi?"

Alhamisi asubuhi Felisiani alikuwa gereji kwa Uwesu, na Uwesu alikuwa amelala chali chini ya usukani, miguu nje.

"Mzee, hapa palishatiwa msumari."

"Ndiyo."

"Na kabla ya msumari palikuwa na kijiti cha mwavuli."

"Kile kilikuwa kizuri sana."

Uwesu akatoka, akajipangusa mikono. "Tundu limekuwa mdomo, mzee wangu. Nikitia bolti itacheza tu. Inatakiwa nilijaze kwa kuchomelea, nitoboe upya, nitie bolti na springi. Kazi ndogo. Ila umeme hakuna."

"Unarudi lini?"

"Wamesema kesho."

"Ni ile kesho waliyoisema jana?"

"Hiyohiyo," alisema Uwesu.

Ijumaa umeme haukurudi. Felisiani alimwendesha Askofu mpaka nyumbani polepole, akaliegesha gari nyuma ya nyumba penye jua, akakaa kwenye kizingiti kulitazama. Kurina asali kunamfundisha mtu kutengeneza kila kitu kwa vitu viwili, kamba ya gome na nta. Ndoo ikitoboka, nta. Mpini wa shoka ukilegea, kamba ya gome, halafu nta juu yake. Felisiani alishawahi kuziba kwa nta bati la nyumba, mguu wa kitanda na jino lake mwenyewe. Akainuka. Donge la nta lililobaki kwenye kazi ya mzinga wa Getrude lilikuwa jikoni, limefungwa kwenye jani la mgomba. Akaliyeyusha kwenye sufuria ya chai, jambo ambalo Scolastica alilijua baadaye kwa ulimi. Akalainisha gome, akalizungushia kwenye bawaba ya pedeli, akakaza kwa meno, kisha akamimina nta mpaka tundu, pini na gome vikawa kitu kimoja.

Ikashika. Akaikanyaga, ikashuka na kupanda bila kutikisika. Haikuwa imetulia namna hiyo tangu Getrude azaliwe.

Scolastica alipanda na rozari yake. Walizunguka Shanwe, wakaenda hadi stesheni na kurudi. Alikuwa ameanza tendo la kwanza la uchungu, lakini walipofika stesheni akawa ameshahamia kwenye matendo ya furaha.

"Imetulia, Baba Getrude," alisema waliporudi. Halafu akanusa. "Mbona gari linanukia Ugalla?"

"Ni harufu nzuri tu."

"Na hawa nyuki?" Nyuki wanne au watano walikuwa wakizunguka kwenye dirisha la dereva, wakiingia na kutoka, wakiingia na kutoka.

"Wanafuata maji. Nimeliosha."

Mtu aliyekula asali ya mikono yake maisha yote, aliyeweza kumwambia yeyote kwamba nyuki wachache wanaoingia na kutoka kwenye tundu ni maskauti wanaotafuta nyumba, alisema wanafuata maji! Lakini furaha ilikuwa imemziba macho. Alikuwa anamfikiria Deo.

Jumamosi kulikuwa na joto la kungojea mvua. Madirisha ya Askofu yalikuwa wazi, maua yamefungwa kwenye boneti. Mbele ya nyumba matarumbeta yalikuwa yanapasua anga, akina mama wanacheza, na hakuna aliyesikia kilichofika nyuma ya nyumba. Muda wa kuondoka ukafika. Mpambe wa bibi harusi, aliyekuwa na habari zote za nyanya, alisema kichwa kinamuuma na kiyoyozi kingemsaidia, akapanda kwa Deo. Getrude akaketi nyuma peke yake, gauni limejaza kiti chote. Felisiani, kwenye suti yake nyeusi, akaingia mbio, akawasha. Alisikia mvumo. Akadhani injini imefurahi.

Kirikuu cha matarumbeta, kipikapu kidogo, kilitangulia. Askofu akafuata, halafu gari jeupe la Deo, halafu wengine wote na honi zao. Walikuwa wamepita nyumba chache tu Felisiani alipohisi kiatu cha kulia kinakuwa kizito na cha moto. Akatupa jicho chini. Kiatu chake cheusi kilikuwa cha kahawia, na kilikuwa kinatembea.

Kundi zima. Limening'inia chini ya dashibodi, limeifunika bawaba, limeifunika pedeli, limemfunika mguu mpaka kwenye soksi. Jua la nyuma ya nyumba lilikuwa limeipasha nta, na nta ilikuwa imewaita nyuki wote wa Mpanda.

"Baba," alisema Getrude nyuma, taratibu sana. "Wale ni nyuki?"

"Ndiyo, mama. Usipunge mkono."

"Wako kwenye pedeli?"

"Wako kwenye pedeli."

Getrude akanusa hewa. "Baba, ulitumia nta?"

Felisiani alikaza macho barabarani. Kuna maswali ambayo mtu hayajibu akiwa amevaa suti.

Alijua mambo mawili. Kundi linalohama halina ugomvi, limeshiba asali na halina nyumba ya kulinda. Na akibanwa nyuki mmoja tu, mmoja, harufu yake itawaamsha wote. Kwa hiyo hakuweza kukanyaga zaidi, wala kuachia, wala kuuhamisha mguu kwenda kwenye breki. Askofu alikwenda kwa gia ya pili, kwa mwendo wa msafara wa mazishi. Kirikuu kilipotea mbele, kikarudi kuwatafuta, kikapotea tena. Deo nyuma alikuwa anapiga honi kama mtu aliyeshinda kesi.

Njia panda ya lami ikaonekana.

"Mwanangu, sikiliza. Nikizima hapa, litasimama lenyewe. Ushuke taratibu, uingie la mjomba wako. Sitaona vibaya."

Angeona vibaya. Angeona vibaya mpaka kaburini, na sauti yake ilikuwa inasema hivyo.

Kwenye kioo akamwona Getrude anainua mikono yote miwili, polepole, kama alivyomfundisha porini akiwa mdogo. Akashika shela iliyokuwa imelala nyuma ya kichwa, akaishusha mbele ya uso, akaipachika ndani ya ukosi wa gauni pande zote.

"Nilikuwa najiuliza hili vazi lina kazi gani," alisema. "Endesha, baba."

Machozi yakamtoka Felisiani. Hakuweza kuyafuta, maana hakuruhusiwa kupunga mkono. Aliendesha hivyohivyo, analia na kutabasamu, nyuki wanapanda soksini, na kama mtu angemwuliza siku hiyo kama yuko taabani au yuko peponi asingejua la kusema.

Kwenye uwanja wa kanisa alizima ufunguo, Askofu akajiendea kidogo na kusimama mbele ya ngazi. Deo tayari alikuwa amesharuka chini.

"Shemeji! Umebeba bibi harusi au trei za mayai? Hebu niione hiyo pedeli!" Akaingiza kichwa dirishani.

Kilichotoka dirishani hakikuwa Deo yule aliyeingia. Aliruka maua ya parokia, akapita katikati ya wanakwaya, akajificha nyuma ya mpiga kinanda, na hakuna nyuki hata mmoja aliyejisumbua kumfuata.

Felisiani alifungua mlango. Akalegeza kamba za kiatu kwa vidole viwili, akautoa mguu ndani yake, akakiacha kiatu palepale juu ya pedeli pamoja na wenyewe. Akamfungulia binti yake. Akampa mkono. Wakaingia kanisani, yeye na kiatu kimoja, na soksi yenye tundu ambamo kidole gumba kilikuwa kinachungulia waumini. Padri aliutazama mguu, akautazama uso wa Felisiani uliojaa nuru, akaona kheri asiulize.

Kwenye sherehe, wakati wa zawadi ulipofika, Deo alishika kipaza sauti akiwa ameshapata nguvu. "Tumwite baba wa bibi harusi, mwenye mzinga mtupu!"

Felisiani alipita mbele, bado na kiatu kimoja. Akamwekea Getrude ufunguo wa Askofu kiganjani.

"Mzinga wa Ugalla waliukataa," alisema. "Wamekubali huu. Ni wako."

Getrude aliushika ule ufunguo akalia mpaka Venant, mumewe, akaanza kulia naye bila kuelewa vizuri kinacholiliwa, maana yeye alikuwa mkulima wa tumbaku, hakuyajua ya nyuki. Hata Deo alinyamaza, na Deo kunyamaza ilikuwa zawadi kubwa kuliko masufuria yote.

Jioni, nyuki walipokwisha kuingia wote, ilibidi mzinga huo wa magurudumu upelekwe kwa wenyewe, kwenye shamba la Venant njia ya Katumba. Hakuna gari lililokubali kumvuta Askofu ila jeupe la Deo, kwa sababu mwenyewe aliona aibu kukataa. Maharusi wakapanda kwa Deo. Kamba ikafungwa. Lakini mtu lazima ashike usukani wa gari linalovutwa, na kofia ya wavu ya Felisiani ilikuwa Ugalla. Getrude akarudi nyuma hadi dirishani kwa Askofu, akavua shela, akamvika baba yake, akamfungia vizuri shingoni.

Wakaondoka hivyo kupitia Shanwe, bibi harusi mbele akimvuta mzee aliyejitanda shela nyuma. Watoto walikimbia kando wakipiga vigelegele. Kwenye gereji taa zilikuwa zimewaka, na Uwesu alisimama mlangoni na bolti na springi mkononi.

"Mzee, umeme umerudi! Pedeli vipi?"

Felisiani alitega sikio chini, kwenye mvumo. Walikuwa wameshaanza kujenga, sega jipya limeunganisha pedeli, kiatu na sakafu.

"Imekaza," alisema ndani ya shela.