Taarifa Niliyosomewa Jikoni

Mjukuu wangu ni afisa uhusiano wa kiwanda cha maziwa. Kiwanda kikitaka kusema na watu, yeye ndiye mdomo wake. Na kabla mdomo huo haujafunguka, hunisomea kwanza mimi. Nimesoma madarasa matatu, la nne nililiona dirishani tu, ndiyo maana akanifanya mizani yake. "Mke mwenzangu," huniambia, "ukielewa wewe, nchi nzima imeelewa." Nisipoelewa anafuta, anaanza upya. Taarifa nyingi zimefia jikoni kwangu, na hakuna hata moja iliyoliliwa.

Jumamosi ile redio ilisema asubuhi kwamba kuna watoto wamelazwa, wanatapika na midomo imechubuka, na watu wanayanyooshea kidole maziwa ya pakiti. Haikusema ya nani. Nami sikungoja kuambiwa. Nilizichukua pakiti alizoleta mjukuu Alhamisi, zile wanazopewa wafanyakazi, nikaziweka juu ya kabati. Binti yake, kitukuu changu, tunamwita Mchwa kwa sababu hakuna kitu kinachosalimika na meno yake. Aliyalilia maziwa, nikampa maji ya uvuguvugu. Akanitemea.

Mama yake, huyo mjukuu wangu, alikuwa chumbani na simu tangu alfajiri. Alipotoka, uso ulikuwa umemshuka.

"Sikiliza, bibi. Saa saba redio wananipigia, niongee moja kwa moja hewani. Bosi yuko njiani, anataka kukaa pembeni yangu."

Akasoma: "Maziwa yote yanayotoka kiwandani kwetu leo yamepimwa na ni salama kwa watoto na watu wazima. Tunawaombea nafuu wote wanaougua. Afya yenu ndiyo heshima yetu." Akainua macho. "Umeelewa?"

"Nimeelewa vizuri sana. Maziwa yenu hayana neno, redio ndiyo iliyotutia hofu bure."

Akaikunja karatasi yake. Gari lilipiga honi nje, akaenda kumpokea mgeni wake. Mimi moyo ulishatulia kama maji ya mtungini. Nikashusha pakiti moja, nikayapasha maziwa, nikamimina kwenye kikombe cha Mchwa, nikampakata.

Meneja wao ni mtu mnene mwenye sauti laini. Alichungulia jikoni. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, jisikie nyumbani."

Akaenda kuketi sebuleni. Mjukuu akaja kumchotea maji ya kunywa. Akakiona kikombe.

"Bibi!"

Alikipiga kwa kiganja, kikaruka, maziwa yakatapakaa ukutani. Akamnyakua mtoto, akamtia kidole mdomoni, akamnusa pumzi.

"Amekunywa? Bibi, niambie, amekunywa?"

"Bado. Yalikuwa ya moto, nilikuwa nayapuliza."

"Hata tone?"

"Hata tone! Una wazimu? Si umenisomea mwenyewe kwamba ni salama?"

"Nilisema yanayotoka leo! Haya ni ya Alhamisi! Sabuni ya kuoshea mitambo iliingia kwenye tangi, tumejua leo alfajiri, na yaliyoko madukani…"

Akakatiza. Alikuwa amejisikia mwenyewe.

"Kumbe ulijua," nikamwambia polepole. "Na pakiti ziko juu ya kabati letu."

"Nilikuwa nahangaika na maneno, bibi. Nyumba yangu mwenyewe niliisahau."

Meneja alikuwa ameshasimama mlangoni. "Poleni. Mtoto hajambo? Tumshukuru Mungu. Sasa tutulie, redio watapiga muda wowote."

"Bosi, hii taarifa siisomi. Lazima tuwaambie watu wasinywe ya Alhamisi na ya jana."

"Tukisema hivyo, kiwanda kimekufa. Vipimo vinarudiwa, tusubiri Jumatatu."

"Mtoto atasubiri Jumatatu?"

Meneja akanigeukia mimi, akitabasamu. "Bibi, wewe ni mtu mzima, tuamue. Katika aliyokusomea, kuna neno la uongo hata moja?"

Sikutaka kumjibu kwa hasira.

"Halipo, mwanangu. Nimelitafuta sikuliona. Lakini maziwa nilishayapasha."

Tabasamu likamkauka.

"Miiko ya kazi yetu," mjukuu akasema, "hainikatazi uongo peke yake. Inanikataza kumwacha mtu aamini kisichokuwa."

"Nani anakulipa? Miiko?"

"Unanilipa wewe. Lakini wanaoniamini ni wale wanaosikiliza."

"Haya, chagua. Ukitoka nje ya karatasi, kitambulisho cha kazi uniachie hapahapa."

Kitambulisho kilikuwa shingoni mwake kwa kamba. Kwenye kamba ile vinaning'inia kodi ya nyumba, dawa zangu za presha, na chakula cha Mchwa. Nilitaka kusema, mama, tazama unakokanyaga.

Simu ikaita. Meneja akanyoosha mkono aichukue. Mjukuu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta uliolowa, mtoto kwapani, simu sikioni.

"Haloo. Ndiyo, ni mimi, afisa uhusiano. Naomba niseme moja kwa moja. Kama una maziwa yetu ya pakiti uliyonunua tangu Alhamisi, usinywe. Usimpe mtoto. Yameingiwa na sabuni ya mitambo. Aliyekunywa akatapika au akachubuka mdomo, apelekwe hospitali na pakiti ibebwe daktari aione. Kosa ni letu, kiwanda."

Mtangazaji akauliza jambo. Akajibu, "Hapana, hatukuwahi kusema mapema. Tumechelewa."

Meneja hakupiga kelele. Alimngoja akate simu, akafungua kiganja mbele yake. Mjukuu akaivua kamba, akaiweka mle. Meneja akatoka bila kuaga, na kupitia dirisha tukamsikia akifoka kwenye simu yake.

"Magari yote yarudi! Anza na maduka ya mjini! Unaniuliza mimi? Neno limeshatoka, utalirudishaje?"

Gari likaondoka kwa kishindo.

"Amenifukuza, bibi?"

"Hajatamka. Ila kamba ameondoka nayo."

Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kilio, naye Mchwa akaona asipitwe, akaangua chake. Nikachukua kitambaa nianze kufuta ukuta. Hapo mlango ukagongwa kwa fujo. Kwa sauti nilimtambua jirani yetu, fundi cherehani.

"Jamani, mmo? Nimekusikia redioni, dada! Sisi tumeyanywa asubuhi, na mdogo wangu anasema koo linamwaka. Nifanyeje?"

Mjukuu akanikabidhi Mchwa, akajifuta uso kwa mkono, akaenda kufungua.