Shamba la Killeen

Fachtna hakuzima injini ya tingatinga aliponiuliza, mimi mtaalamu wa majina ya mahali, maana ya Killeen, jina la shamba hilo. Alitaka jibu moja tu, na alikuwa amekwisha kulichagua.

"Ni kijisitu, au sivyo? Mwambie shangazi atoke njiani. Binti yangu Muireann anataka nyumba kabla ya Krismasi, hataki somo la historia."

Shangazi yake, Gobnait, alisimama mbele ya meno ya mashine, mikono mifukoni mwa koti, kama mtu anayesubiri basi.

Nilieleza kwa uangalifu. Wachora ramani walioandika jina hili kwa tahajia ya Kiingereza walisaga maneno mawili ya Kiairishi yakatoka unga mmoja. Coillín, linaloanza kutamkwa nyuma ya kinywa, ni kijisitu. Cillín, linaloanza kutamkwa mbele, ni mahali walipozikwa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, maana makaburi ya kanisa hayakuwapokea. Shuleni tulifundishwa kwamba hapa palikuwa na msitu, ingawa hakuna aliyewahi kuona kisiki. Hata hivyo, jina peke yake si ushahidi, na nilisema hivyo.

"Umesikia, shangazi? Bwana mtaalamu hajui."

"Hajui kwa sababu tulimficha. Mwalimu aliyeanzisha hadithi ya msitu, wanawe wawili wamo humu."

"Maneno ya vikongwe!"

Mashine ikasogea. Tope lilimrukia Gobnait magotini. Hakurudi nyuma.

"Kaka yangu yumo humu, Fachtna. Baba alimbeba alfajiri ndani ya kisanduku cha chai, chini ya koti, mama angali kitandani. Tulikatazwa kumtaja."

"Mzee wangu hakuwahi kuniambia."

"Ulitaka akwambie nini, nawe unacheza mpira juu ya ndugu yake?"

"Yuko upande gani? Nitamzunguka."

"Sijui. Baba hakuweka alama. Mama angeijua, angekuja kulia, na watu wangemwona."

Fachtna alilitazama shamba pembe hadi pembe, akitafuta mahali pa kuchimba. Mkono wake ulibaki juu ya wenzo muda mrefu kiasi cha kunitia hofu.

"Na Muireann nimwambie nini?"

"Mpe kiwanja cha mtoni."

"Kinafurika kila Februari."

"Basi atanunua buti."

Alitukana, si kwa sauti kubwa. Kisha akairudisha mashine nyuma taratibu, akifuata njia ileile aliyoingilia, macho yake yakiwa chini muda wote.